Mzunguko wa Pili

Fomu namba mia moja na kumi na nne
ni Minza Lugodisha, miaka sabini na sita,
Kayenze, nyumba ya tatu kutoka mwaloni,
pale dagaa wanapoanikwa juu ya chanja
na kunguru wamezoea mawe yasiyowafikia.

"Mwangaluka, mayu," nikasema,
na Kisukuma changu kikaishia hapo.
Nikawasha kishikwambi.

Mafunzoni, katika ukumbi wa kukodi Nyegezi,
tulibishana siku mbili juu ya neno sonona.
Profesa alilipenda. Kamusi ilikuwa upande wake.
Lakini tulipolipeleka mitaani kulijaribu
mzee mmoja wa Igogo alituelekeza duka la dawa,
akidhani tunatafuta vidonge.
Wao husema mawazo.
Husema kifua kizito. Husema, nimechoka
na sijafanya kazi.
Tukaacha neno, tukabaki na maswali kumi na tano,
ndiyo au hapana.

Je, usingizi unakukimbia? Ndiyo.
Je, siku unaziona ndefu? Ndiyo.
Je, kuna mtu anayekuhitaji?
Hapo akainuka, akafukuza kunguru, akarudi, akakaa.
"Soma jingine," akasema.

Kumi na mbili kati ya kumi na tano.
Kwenye sababu nikatia alama: ujane. Magoti. Presha.
Mwana mmoja, Geita, machimboni, hapatikani kwa simu.
Macho mekundu kwa moshi wa miaka hamsini,
na watoto wa jirani waliokatazwa kupita uani kwake:
hilo halikuwa na kisanduku,
nililiandika kwenye kiganja.

Anayezidi kumi hupewa barua ya zahanati.
Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Miezi sita.
Ziwa lilikuwa limepanda hadi chanja za mbele,
magugumaji yameziba mwalo, mitumbwi inasukumwa kwa mti.
Nilijiandaa kwa lolote. Katika mzunguko huu
tulikuwa tumeshafuta majina tisa.

Nikamkuta amejipaka mafuta.
Kiti cha plastiki kimefutwa vumbi, kimewekwa kivulini,
kinatazama njia.
Usingizi? Upo. Siku? Zinakwenda.
Nne kati ya kumi na tano.

Nikafurahi kitafiti, yaani nikashuku.
Dawa? Barua ilikuwa bado kwenye pindo,
imelainika kama kitambaa.
Mwana karudi? Hajarudi.
Magoti? "Yaleyale."
Kanisa, kikoba, mganga? Akacheka, pengo likaonekana.

"Si ulisema utarudi baada ya miezi sita?
Nimekuwa nikipiga fundo, kila Jumapili moja,
kwenye kamba hii ya nyavu.
Mwenye mgeni njiani hafi ovyo."

Mafundo ishirini na sita.
Nilihesabu mara mbili, maana ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Kisha naye akaniuliza lake:
"Na mzunguko wa tatu, lini?"

Nilikuwa najua. Ujumbe uliingia Jumanne:
fedha za mradi zinaishia Juni,
mzunguko wa tatu utafanywa kwa simu,
kwa wenye simu.
Nyuma yake kunguru walishuka wote pamoja
na hakuna aliyeinuka.

Kilichobadilika, kishikwambi kinauliza:
ndoa, msiba, ugonjwa, kipato, dawa, kuhama, mengineyo.
Nikagusa mengineyo. Herufi hamsini, zisizidi.
Niliandika jina langu, nikalifuta,
kwani tulifundishwa mpimaji asionekane kwenye kipimo.
Nikaandika: kamba.

Nikamwambia, Desemba.
Alikuwa ameshakata kamba nyingine.